Kabla ya Kuwasha Tableti
Mwongozo kwa wauguzi, wakunga na reko wa Bunia wanaofundisha wanawake afya ya uzazi kwa tableti, kompyuta na simu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, wakunga, reko (wahamasishaji wa afya) wa mtaa na wafanyakazi wa mashirika wanaotumia mashine kuwafundisha wanawake kuhusu magonjwa ya zinaa, virusi vya ukimwi, uzazi wa mpango na ukatili wa kingono. Haumfundishi mtu kutengeneza programu. Unaanzia pale programu inapoletwa ikiwa imekwisha kutengenezwa, mara nyingi Kinshasa au ng'ambo, na muuguzi mkuu wa kituo anaambiwa aanze nayo Jumatatu.

Mashine inasikia nini

Mwaka 2003 watafiti wa Population Council walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Kenya kwa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Wengine waliulizwa ana kwa ana. Wengine walisikiliza maswali yaleyale kwa vipokea sauti vya masikioni na kujibu wenyewe kwenye kompyuta. Walipoulizwa kama wamewahi kufanya ngono, au kama walifanya na mpenzi wao, kompyuta haikupata majibu mengi kuliko mhojaji. Lakini maswali yalipofika kwenye kulazimishwa, na kwenye ngono na ndugu wa ukoo, na mtu asiyejulikana au na mtu aliyewazidi sana umri, waliokiri mbele ya kompyuta walikuwa wengi zaidi, na kwa baadhi ya maswali kwa tofauti kubwa.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa polepole na kila anayeanza kazi hii. Mtu hahitaji mashine ili aseme ana mpenzi. Anaihitaji kwa lile ambalo akimwambia binadamu mwenzake, atauona uso wa yule binadamu ukibadilika. Mkoa wetu wa Ituri umepita katika vita vya 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyoanza tena katika eneo la Djugu mwishoni mwa 2017 hayajaisha. Katika foleni ya asubuhi ya kliniki yoyote ya wajawazito mjini hapa, wapo wanawake wenye mambo ambayo rejista ya kituo haijawahi kuyaandika. Tableti itayasikia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza inagusa utaratibu wa kazi kabla ya kugusa teknolojia: kituo kisicho na la kufanya baada ya kusikia, kisiulize. Kifundishe tu, na sehemu ya maswali izimwe hadi njia ya huduma itakapokuwa wazi.

Njia ya huduma kwanza

Bunia si mji usio na pa kumpeleka mgonjwa. Ipo Hospitali Kuu ya Rufaa, kipo Kituo cha Matibabu cha Kiinjili (CME) kilichohamia mjini baada ya hospitali ya Nyankunde kushambuliwa Septemba 2002, na kipo kituo cha Karibuni Wa Mama cha shirika la SOFEPADI, ambacho huwahudumia wanawake waliobakwa. Kutaja majina haya mwishoni mwa somo hakutoshi. Kabla ya kuanza, mmoja wenu aende mwenyewe kila mahali mtakapopataja, aulize dawa zipo au zimeisha, nani yuko zamu Jumamosi na Jumapili, huduma ina malipo au haina, na mwanamke akifika aingilie mlango upi ili asilazimike kumweleza mlinzi shida yake getini. Majibu yaandikwe, na tarehe ya ziara iandikwe kando yake, kwa sababu jibu la miezi mitatu iliyopita si jibu.

Hesabu ya saa ndiyo inayotuhukumu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi baada ya kubakwa, zinazojulikana kama PEP, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Mwanamke aliyevamiwa Ijumaa jioni akitoka shambani, akisikia somo lenu Jumatatu asubuhi, amebakiwa na chini ya nusu siku ya kuanza PEP.

Programu nyingi huanza na michoro ya viungo vya uzazi, kisha hedhi, kisha mimba, na habari za ubakaji hukaa sura ya mwisho, baada ya dakika arobaini. Huo ni mpangilio wa kitabu cha shule. Hapa kwetu ujumbe wa saa 72 uje mwanzo kabisa, kwa sentensi mbili au tatu, pamoja na jina la mahali pa kwenda leo. Mama aliyebeba mtoto mgongoni huenda akaitwa na muuguzi kabla somo halijafika nusu, na alichokisikia mpaka hapo ndicho atakachoondoka nacho. Kama programu hairuhusu kupangwa upya, reko aseme maneno hayo kwa mdomo wake kabla ya kumpa tableti.

Simu ni ya nani

Mwaka 2005 shirika la PSI pamoja na Association de Santé Familiale walianzisha nchini Kongo namba ya bure ya kuulizia uzazi wa mpango, Ligne Verte, kwa mtandao wa Vodacom. Matangazo yake hayakuwalenga wanaume hasa. Hata hivyo, katika miaka yake ya kwanza zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga walikuwa wanaume.

Wanaume kuuliza si jambo baya. Wengi walikuwa wakiuliza kwa niaba ya nyumba zao. Ila takwimu hiyo inaonyesha simu ilikuwa mikononi mwa nani. Tangu wakati huo simu zimeongezeka Bunia, lakini katika nyumba nyingi simu yenye skrini kubwa bado ni moja. Mchana mume anatembea nayo, jioni watoto wanaichezea, na neno la siri linajulikana na wote. Ukituma ujumbe wa kumkumbusha mama sindano yake ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, utasomwa na aliyeshika simu saa hiyo.

Kwa sababu hiyo tunashauri jambo ambalo wafadhili hawalipendi: somo libaki kituoni. Msitume kitu chochote kwenye namba ya mwanamke bila yeye mwenyewe kukiomba, hata neno la salamu lenye jina la mradi. Akiomba, muulize simu hiyo hushikwa na nani usiku, kisha mkubaliane maneno yatakayotumika. “Mama, njoo uchukue kadi” inatosha, na haimfichui. Huduma ya ujumbe mfupi ya m4RH, iliyoanza Kenya na Tanzania mwaka 2010 na kueleza njia za uzazi wa mpango kwa Kiswahili, ilifuata njia hiyo ya busara: mtu ndiye aliyeanza kwa kutuma ombi, akachagua mada, akajibiwa, naye aliweza kufuta ujumbe wote pale pale.

Wako wanaopendekeza kunakili masomo kwenye kadi za memori na kuwapa vijana wanaouza nyimbo na filamu sokoni. Ni njia rahisi na haili mega. Inafaa kwa masomo ya jumla, kama dalili za magonjwa ya zinaa au jinsi ya kuvaa kondomu. Haifai kwa somo lolote linalomwuliza mtu maisha yake.

Chumba, kiti na betri

Tableti ikae mahali ambapo mgongo wa anayesikiliza unaelekea ukuta, ili asiwepo wa kupita nyuma yake. Avae kipokea sauti kwenye sikio moja tu. Sikio la pili alitunze kwa ajili ya jina lake litakapoitwa, maana hakuna mama atakayefuata somo huku akihofia kupoteza nafasi yake kwenye foleni. Vipokea sauti vifutwe kwa dawa kila anapobadilika mtu. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020 watu wa mji huu wanaangalia sana kitu kinachopita kutoka mkono hadi mkono, nao wana haki ya kuangalia.

Jambo linaloharibu miradi hii haraka kuliko yote ni kumchagua mwanamke. Ukimwita mmoja kutoka kwenye benchi la watu thelathini na kumpeleka kwenye chumba cha tableti, benchi zima limekwisha kumpa ugonjwa. Somo liwe sehemu ya kawaida ya kliniki ya wajawazito (CPN) au ya siku ya chanjo, na kila mwanamke alipitie. Anayekataa akae dakika hizohizo ndani ya chumba akinywa maji, ili kukataa kwake nako kusijulikane nje.

Umeme tunaujua wenyewe. Hesabu ya betri ifanywe kwa siku mbaya: mvua, jua hakuna, jenereta haina mafuta. Programu inayodai intaneti kwa kila ukurasa irudishwe kwa aliyeileta.

Sauti

Kwa wanawake wengi somo litapita masikioni, si kwa macho, hivyo sauti iliyorekodiwa ni jambo la kwanza. Kiswahili kisomwe na mwanamke wa hapa, kwa mwendo na matamshi ya Bunia. Sauti ya mtangazaji wa mbali inasikika kama amri ya serikali.

Tena sauti ina kabila. Mwanamke aliyekimbia kijiji chake Djugu na sasa anaishi kwenye kambi ya Kigonze husikia matamshi kabla hajasikia maneno, na kwa sekunde chache huenda akajua aliyerekodi anatoka upande gani wa mgogoro wa Walendu na Wahema. Kiswahili ndicho kiwanja cha wote, nacho kiwe cha kwanza. Kilendu, Kihema na Kialur viwekwe kama chaguo ambalo mwanamke analigusa mwenyewe. Reko asimchagulie kwa kumtazama. Majina ya wahusika katika hadithi za mafunzo nayo yapitiwe moja moja. Mume mlevi anayempiga mke, akipewa jina linalojulikana kuwa la Wahema au la Walendu, ataliharibu somo zima, na aliyelisikia atatoka akisema kituo kimelitukana kabila lake. Majina kama Furaha, Neema, Marie na Pierre yako kila upande.

Hayo si masharti ya Ituri peke yake. Nchini Marekani, mpango wa kujikinga na ukimwi uitwao SiSTA ulitengenezwa kwa ajili ya wanawake weusi katika miaka ya 1990. Ulipotakiwa kwa wanawake wa asili ya Amerika ya Kilatini huko Miami, wahusika hawakuridhika na kuutia tu katika Kihispania. Waliujenga upya, ukaitwa AMIGAS, ukiwa na mambo ya uhamiaji, dini na mamlaka ya mume kama wanawake wale walivyoyaishi. Kutoka shina hilohilo ilitoka pia programu ya kompyuta, SAHARA, iliyojaribiwa Atlanta kwa wanawake weusi vijana. Nayo haikumwacha mwanamke na skrini tu, ilimpa baada yake muda mfupi wa kuzungumza na mwalimu na wenzake. Hata hao wenye mashine waliona haja ya binadamu mwishoni. Msikubali mradi unaoahidi kuwa tableti itapunguza wakunga.

Nani anashika tableti

Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou na Julienne Lusenge, mmoja wa waanzilishi wa SOFEPADI, ilitoa ripoti juu ya unyonyaji wa kingono uliofanywa na watu waliokuja kupambana na Ebola mashariki mwa Kongo. Ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa watumishi wa shirika hilo lenyewe. Wanawake walieleza jinsi walivyodaiwa miili yao ili wapewe kazi au waendelee kuwa nayo.

Kwa hiyo mwanaume mwenye fulana ya mradi, tableti mkononi na maswali ya chumbani si picha ya msaada kwa kila mtu. Kazi ya kumkalisha mwanamke mbele ya somo ifanywe na mwanamke, na anayeajiri reko asiwe mtu mmoja anayeamua peke yake. Chumba kiwe na mlango usiofungwa kwa ufunguo kutoka ndani. Ukutani, kwa herufi kubwa, iandikwe kwamba huduma hii haidai malipo ya aina yoyote, na namba ya kulalamikia iwe ya mtu asiyefanya kazi kituoni.

Yasemwayo ndani ya somo

Hapa wakunga mna kazi ambayo fundi wa programu hawezi kuifanya. Kaeni na kusikiliza somo lote kabla ya mwanamke yeyote kulisikia, mkiwa na kalamu. Tafuteni kwanza uongo wa kutuliza. Mara nyingi mtasikia kwamba sindano ya miezi mitatu haina tatizo lolote. Ukweli ni kwamba baada ya kuiacha, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, na damu ya mwezi huvurugika kwa wengi. Mwanamke aliyefichwa hilo, akikaa miezi minane bila mimba, ataamini uvumi wa mtaani kuwa sindano imemfunga kizazi, na ataueneza akiwa na ushahidi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ni asilimia 8 tu ya wanawake wanaoishi na mume nchini Kongo waliokuwa wakitumia njia ya kisasa. Uvumi una sehemu yake katika idadi hiyo ndogo, nao hupata nguvu pale mtoa huduma anapoficha.

Halafu tazameni kama somo limepitwa na wakati. Mtu mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa vizuri, na kipimo kikawa hakivioni tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Masomo ya zamani hayasemi hivyo, na kimya hicho kinamfanya mama aogope kupima, na mwenye virusi aogope ndoa. Vilevile somo liseme waziwazi kwamba sindano, kijiti na kitanzi huzuia mimba, lakini havizuii kaswende, kisonono wala virusi.

Ushauri unaoonekana mwepesi kwenye skrini huenda ukamletea mtu kipigo nyumbani. “Mwambie mume wako avae kondomu” ni maneno yaliyoandikwa na mtu asiyeijua nyumba ambamo mume amerudi kutoka machimbo ya Mongbwalu baada ya miezi minne, akiwa na pesa ya kodi na ya shule. Neno kondomu usiku huo linasikika kama shutuma, kwake au kwa mke. Kuna njia za kupita kando: kuzungumza habari ya kupumzisha mwili baada ya uzazi, au kwenda wote wawili kupima siku ya CPN, ambapo muuguzi ndiye anayesema na si mke. Somo liwape wanawake maneno hayo, yakisemwa kwa sauti, wayarudie, kisha mkunga awasikilize. Na kwa anayejua kuwa akisema atapigwa, lisimwambie aseme.

Wasichana wa chini ya miaka 18 wana mpangilio wao. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inawahesabu kuwa watoto katika makosa ya ngono, na anachokiandika msichana wa miaka 15 kuhusu “mchumba” wa miaka 30 kinaweza kuwa habari ya jinai. Kabla hajaanza kujibu, aambiwe kwa lugha nyepesi ni mambo gani mtayatunza na ni yapi yatawalazimu kumtafutia ulinzi. Kumwahidi siri kamili na kuivunja baadaye ni usaliti, hata kama mlivunja kwa nia njema.

Majina na majibu

Jina, namba ya simu na picha havina kazi katika somo. Kama mfadhili anataka kuhesabu watu, apewe idadi. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda siri ya wenye virusi vya ukimwi, na Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaweka masharti juu ya kukusanya habari za watu, za afya zikiwa miongoni mwa zile nyeti zaidi. Muulizeni aliyeleta programu, kwa maandishi, majibu ya wanawake yanahifadhiwa wapi na nani anaweza kuyasoma. Asipojibu kwa maandishi, sehemu ya majibu ibaki imezimwa. Tableti huibwa, na huku kwetu huchukuliwa pia na watu wenye silaha. Iwe na neno la siri, na majibu yafutike ndani yake kila jioni.

Mwisho wa mwezi, msihesabu waliosikiliza peke yao. Wekeni kando yao waliouliza huduma, waliofika mlangoni mlipowaelekeza, na waliopata walichofuata. Pengo likiwa kati ya kuuliza na kufika, chunguzeni nauli ya motari, saa za zamu na yule mlinzi wa getini. Pengo likiwa kati ya kufika na kupata, dawa zimeisha, nalo halingoji mkutano wa mwezi: jina la mahali linalotajwa katika somo libadilishwe siku hiyohiyo, na kama programu haikubali, andikeni jina jipya kwenye karatasi na kulibandika juu ya skrini, mahali ambapo la zamani lilikuwa likionekana.